Insha Mbili kwa Mpigo

Kuna neno nililoliandika kwa wino mwekundu pembezoni mwa insha za wanafunzi kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuniuliza maana yake. Neno lenyewe ni "haivutii." Mwanafunzi akirudishiwa kazi yake analisoma, anainamisha kichwa, anasema asante mwalimu, anakwenda zake. Mimi nikadhani ameelewa. Heshima ya vijana wa kwetu ina tabu yake: watakuitikia ndiyo hata ukiwaambia jua linachomozea Chato, magharibi kwetu.

Aliyeniuliza alikuwa binti mmoja kutoka Mwakitolyo, kule kwenye machimbo madogo ya Shinyanga Vijijini. Alikuwa akiishi hapa Geita kwa mama yake mdogo ili arudie mtihani wa kidato cha nne. Masomo mengine alikuwa amefaulu ya kutosha. Kiswahili ndicho kilichomwangusha, na chuo cha ualimu alichokitaka hakimpokei mtu bila Kiswahili. Kwa hiyo kila Jumamosi baada ya adhuhuri alikuja uani kwetu, nyuma ya duka la vitambaa la baba, pamoja na wenzake wachache waliokuwa wakirudia kama yeye.

Siku za wiki nafundisha Kiswahili sekondari. Jumamosi ni yangu, na nilikuwa nimeamua kuwapa hawa wanaorudia, kwa sababu wana kitu ambacho wanafunzi wangu wa darasani hawana: wanajua kuanguka kunavyouma. Mtu aliyewahi kuanguka hachezi na kalamu. Ila walikuwa na ugonjwa mmoja wote. Insha zao zilifanana kama sahani za hotelini. Uliwaambia waandike juu ya kilimo, wakaanza, "Katika ulimwengu huu wa sayansi na teknolojia." Uliwaambia waandike juu ya ndoa za utotoni, ulimwengu wa sayansi na teknolojia huo hapo tena. Kisha faida tatu, hasara tatu, hitimisho, na wahenga wananena mwanzo na mwisho.

Basi siku hiyo nilimrudishia yule binti insha yake, naye hakuinamisha kichwa.

"Samahani, mwalimu. Hii haivutii, imeshindana na nani?"

Nikamwambia insha haishindani na mtu, insha inasahihishwa.

"Sasa ilikuwa peke yake, mwalimu, tutajuaje kama haivutii?"

Mimi nina hasira za karibu, na wanafunzi wangu wanajua. Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini aliuliza kwa upole kabisa, mikono ameikunja mbele kama anavyotakiwa mtoto wa Kisukuma anaposema na mkubwa, na macho yake yalitaka kujua kweli. Nikamwambia aeleze.

Akaeleza. Mama yake, kabla hajaanza kuwapikia wachimbaji, alikuwa mcheza ngoma, na ngoma yao, ambayo kwa Kisukuma huitwa mbina, haina mwamuzi mwenye karatasi. Baada ya mavuno makundi mawili yanakutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, hili upande huu na hili upande ule. Watu wanasimama katikati. Anayependezwa na hawa anasogea huku, anayechoka anavuka kwenda kule, na mpaka jioni kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo limeshinda. Hakuna wa kubisha, maana watu wenyewe wanaonekana walipo. Alisema aliwahi kuona kundi lililokuwa limeelemewa likatoa chatu kwenye gunia, na uwanja mzima ukahama kwa mkupuo mmoja mpaka wapiga ngoma wa upande wa pili wakabaki wanatazamana.

Sisi nyumbani tulikuzwa na Kiswahili. Babu alitoka pwani na biashara, akaishia Shinyanga, akaoa Msukuma, lakini bibi naye akameza lugha ya mumewe. Kisukuma changu ni cha kununulia nyanya tu. Mambo ya mbina nilikuwa nayasikia kwa mbali, kama unavyosikia harusi ya mtaa wa pili. Nilikuwa naandaa jibu la kuimaliza hiyo habari kistaarabu, pale dereva wa bodaboda alipodakia.

Huyu dereva naye alikuwa anarudia. Kijana mrefu, mcheshi, mdomo wake haujui kufunga breki. Alikuwa akiegesha pikipiki langoni na kuingia na kofia yake kichwani mpaka nimkumbushe kuivua.

"Tujaribu, mwalimu! Mimi na yeye. Sasa hivi."

Nikasema hapana, hapa ni mahali pa masomo. Ndipo sauti ikatoka mlango wa nyuma wa duka, alikokuwa amekaa baba kwenye kiti chake akijifanya anakunja vitenge.

"Waache wajaribu. Ua ni wangu."

Baba akisema ua ni wake, mazungumzo yameisha. Nikamweka binti kando ya tangi la maji na dereva ukutani, kwenye maboksi ya kanga, wengine wakasimama katikati, nikawaambia wasome kwa sauti za kawaida. Wakaanza. Ulimwengu wa sayansi na teknolojia ukasikika kutoka pande zote mbili. Watu katikati wakatazamana. Hakuna aliyevuta hatua. Mara akapita nje muuza miwa na toroli lake, akipiga kisu chake kwenye ubao, na wasikilizaji wote, mmoja baada ya mwingine, wakasogea langoni. Baba pia.

Insha zote mbili zikashindwa na muuza miwa.

Tulicheka sana siku hiyo, na mimi nikacheka huku moyoni naona haya kidogo, maana insha hizo nilikuwa nimezisahihisha mwenyewe. Kila koma ilikuwa mahali pake. Jioni wakati nakosha vikombe nilijikuta naendelea kuwaza. Hivi msahihishaji wa mtihani, mwenye rundo la karatasi mbele yake, si naye ana miguu? Ameketi, ndiyo, hawezi kuondoka, lakini akili yake inatembea inakotaka. Nani ajuaye ni mara ngapi imekwenda kwenye miwa.

Tukaanza kufanya hivyo kila Jumamosi. Sheria zilijitengeneza zenyewe. Mada moja, wasomaji wawili kwa mpigo, hakuna kupiga kelele. Wasikilizaji wanaruhusiwa kuhama wanavyotaka. Tukimaliza, kila mmoja anatakiwa aseme jambo moja tu: mguu wangu uliondoka wapi. Si "insha yako nzuri," si "jitahidi zaidi." Uliondoka wapi, kwenye sentensi ipi. Mwandishi anapiga mstari hapo, anakwenda kuitazama hiyo sentensi wiki nzima. Nimesomea kazi hii chuoni, nimehudhuria mafunzo na semina, na sijawahi kuona dawa iliyowatibu wanafunzi haraka namna hiyo. Ulimwengu wa sayansi na teknolojia uliaga dunia Jumamosi ya pili. Wahenga waliponea kidogo, kisha nao wakaanza kunena pale tu walipokuwa na la kunena.

Sheria nyingine zililetwa na dereva wa bodaboda, kwa kuvunja kile ambacho hakikuwa bado sheria. Siku moja alikuja na jogoo kwapani. Alikuwa ameandika juu ya ufugaji, na alipoona watu wanampungukia akamwachia. Jogoo akarukia kwenye maboksi ya kanga na baba akanyanyuka na fimbo. Tukapiga marufuku wanyama. Wiki iliyofuata akauliza, kwa uso wa kazi kabisa, kama dawa za mvuto zinaruhusiwa, maana wacheza ngoma wanazo na yeye ana mjomba anayezifahamu.

"Astaghfirullah," akasema baba. "Kwenye ua wangu!"

"Nauliza tu, Mzee, nijue utaratibu."

Nami nilishindanishwa. Walinisihi nisome insha yangu ya mfano, ile niliyokuwa nikiwasomea wanafunzi wa kidato cha nne kila mwaka, dhidi ya dereva. Nikakubali kwa kiburi. Nilisoma vizuri, kwa vituo na mkazo, na nilipoinua macho aliyebaki upande wangu alikuwa baba peke yake. Kuangalia vizuri, alikuwa amesinzia.

Ila yule binti aliyetuletea mchezo wenyewe alikuwa akishindwa kila wiki. Hilo lilinisumbua. Kwa mdomo hakuna aliyemfikia. Tukipumzika kunywa chai alikuwa akisimulia jambo dogo tu, jinsi paka wa mama yake mdogo anavyoijua sauti ya mfuko wa dagaa, na wote wanaacha vikombe vyao. Akishika karatasi anakuwa mtu mwingine. Anaandika kama anayejaza maombi ya kazi serikalini. Maji ni uhai, maji yana faida nyingi, kwanza, pili, tatu. Watu wanamhurumia, wanasimama naye kidogo kwa adabu, kisha miguu inakwenda ukutani kwa dereva.

"Hayo unayotusimulia kwenye chai mbona huyaandiki?" nilimuuliza.

"Hayo ni maneno tu, mwalimu. Insha ni ya mtihani."

"Nani alikwambia mtihani hautaki maneno?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu mzima anayemsikiliza mtoto.

Kisha Jumamosi moja alikuja amevimba macho. Mama yake alikuwa amepiga simu. Msichana aliyekuwa akimsaidia jikoni kule Mwakitolyo ameolewa, kazi imemzidi, na wachimbaji hawasubiri. Alikuwa amemruhusu binti yake mwaka mmoja, lakini mwaka wenyewe umekuwa mrefu na yeye hajui kama kuna kinachoendelea. Kwa hiyo atakuja mwenyewe Jumamosi ijayo, akae asikilize. Akiona ni mtoto yuleyule aliyefeli, Jumapili asubuhi watapanda basi pamoja warudi nyumbani.

Nikamwuliza mama yake ni mtu wa namna gani, nikitafuta mlango wa kumwingilia. Labda nimweleze habari za chuo. Labda baba azungumze naye.

"Mama haelezwi, mwalimu. Mama anaangalia."

Mada ya Jumamosi hiyo nilikuwa nimeshaitoa: maji. Katikati ya wiki nilimpitia kwa mama yake mdogo nikamwomba nione alichoandika. Akakataa, kwa heshima zote. Alisema ameandika upya, na kama nikiisoma nitaisahihisha, na ikisahihishwa itakuwa yangu. Niliondoka pale nimekasirika na nimeogopa, na sikujua kipi ni kipi.

Mama akaja. Alikuwa amepanda gari alfajiri, akabadilisha Kahama, na bado alikuwa na sauti ya kusalimia mtaa mzima. Mama mnene, mweusi wa kupendeza, mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni. Alipiga magoti kumsalimia baba, akanipa mfuko wa michembe, viazi vikavu vya kwao ambavyo sijawahi kuvila nikaviacha, akakaa kwenye kigoda katikati ya ua, hasa pale katikati, kama aliyekuwa amepapima.

"Mwanangu amenieleza utaratibu," alisema. "Mwalimu, mimi nimecheza mbina. Nimewahi kuachwa uwanjani na watu nikabaki na njuga zangu kama mjinga. Kwa hiyo nakwambia mapema, simwendei mtu kwa kuwa nimemzaa. Ndugu anayekushangilia bure, huyo ndiye anayekuroga."

Nikasema nimeelewa, mama. Nilijaribu kupanga binti asome na mtu mwingine, mpole kidogo, lakini mama akauliza nani hapa anashinda kila wiki, na vidole vyote vikaenda kwa dereva wa bodaboda.

"Basi asome na huyo."

Wakaanza. Dereva alikuwa na insha ya kuua mtu. Siku ya mvua kubwa alimpakia bwana harusi mwenye suti nyeupe, anayewahi kanisani, na njia yote ya Geita imegeuka uji. Sentensi yake ya kwanza tu, suti ilikuwa imeshaingia matope hadi magotini. Watu wakahama. Baba akavuta kiti chake. Na mama, yule mama aliyetoka Mwakitolyo kwa ajili ya mwanawe, akachukua kigoda chake akaenda ukutani, akakaa mbele kabisa, akaanza kucheka.

Binti akabaki kwenye tangi na karatasi yake. Mimi kama mwalimu siruhusiwi kuhama, nilikuwa katikati. Niliumia. Nasema kweli, niliumia kama vile ni mimi ninayerudishwa nyumbani. Lakini hakupandisha sauti wala hakukimbia. Aliendelea kusoma polepole.

"Kule kwetu wanaume wakitoka shimoni wote wana sura moja. Vumbi limewafanya ndugu. Huwezi kumjua kijana wala mzee, mpole wala mgomvi. Kwa hiyo maji ya kwanza kwa mama si ya kunywa. Ni ya uso. Mama anampa kila mmoja kopo la maji na anakataa kumpakulia mpaka anawe, anasema, mimi siwezi kumpakulia ukuta."

Wawili wakageuza shingo. Mmoja akavuka. Mama naye aligeuka aliposikia maneno yake mwenyewe, akatabasamu, akatikisa kichwa.

"Hayo nayajua," alimwambia jirani yake, na akarudi kwa bwana harusi, ambaye sasa alikuwa ameanguka.

Binti aliona. Nadhani kila mtu aliona. Akageuza ukurasa.

"Maji hayo nilikuwa nachota mimi. Na kila siku nilichelewa. Nimegombezwa kwa kuchelewa, nimefinywa kwa kuchelewa, chakula kimewahi kuungua kwa sababu yangu. Mama yangu mpaka leo anaamini kwamba kilichonichelewesha ni foleni."

"Eeh?" akasema mama.

Alisema kwa nguvu kiasi kwamba dereva alipotea mstari. Mama akanyanyuka. Akamwacha bwana harusi kwenye matope, akaanza kuvuka ua akiburuta kigoda, na alipofika katikati, hapo hapo niliposimama mimi, muadhini wa msikiti wa jirani akaanza kuadhini alasiri.

Kwetu adhana ikiingia mazungumzo yanasimama. Hata wanafunzi wasio Waislamu walishazoea. Wanafunga karatasi na kunyamaza mpaka iishe. Wasomaji wote wawili wakanyamaza. Baba akainamisha macho, midomo ikimjibu muadhini. Mama akasimama palepale na kigoda chake mkononi, katikati ya binti na bodaboda, akimtazama mwanawe macho yamemtoka. Alikuwa na heshima, hakumuuliza. Lakini sijawahi kuona mtu mwenye swali usoni namna ile. Binti naye alimtazama, hakushusha macho, akaachia kijitabasamu.

Muadhini wetu ana sauti nzuri na anapenda kuivuta. Siku nyingine namshukuru Mungu kwa hilo. Siku hiyo mama aliniinamia akanong'ona, "Mwalimu, ndivyo inavyokuwaga ndefu hivi?"

"Inakaribia kwisha, mama."

Ikaisha. Baba akamaliza dua yake. Dereva, mshindani hadi mwisho, akadakia haraka kumnyanyua bwana harusi kwenye tope, na pale ilikuwa sehemu yake nzuri kuliko zote, naijua, alinisomea baadaye. Haikumfaa kitu. Mama alikuwa ameshatua kigoda chake mbele ya tangi la maji.

"Endelea. Kilikuchelewesha nini?"

Siyo kanuni msikilizaji kuuliza. Sikumkumbusha.

"Foleni ilikuwa fupi," binti akasoma. "Wanawake walikuwa wakiniuliza, jana kwenu kulikuwaje? Nami nawasimulia. Nani aliomba ugali mara ya pili akisema ni wa rafiki yake. Nani alinawa uso, kumbe ndiye aliyemtukana mama jana yake akidhani hajulikani. Yupo mchimbaji mmoja alikuwa anakuja kula asubuhi, mchana na jioni, na kila mara anasifu maharage, mpaka siku tulipopika mchicha naye akasifu maharage."

Ua ulilipuka. Mama akaziba uso kwa ncha ya kitenge chake. "Huyo mtoto!" alisema humo ndani. "Gete, kweli kabisa, huyo mtoto!"

"Wanawake waliokwisha kujaza ndoo hawakuondoka. Walizikalia. Waliokuja nyuma hawakupata njia ya kulifikia bomba, wakasimama nao kusikiliza. Kwa hiyo niliporudi nyumbani nikasema foleni, sikusema uongo. Foleni ilikuwepo. Ila niliitengeneza mimi."

Sikumbuki wengine walivuka saa ngapi. Ninachokumbuka ni kwamba nilitazama upande wa ukuta na hakukuwa na mtu, hata kiti cha baba hakikuwepo, na dereva alikuwa amesimama mwenyewe na bwana harusi wake. Alisoma sentensi mbili tatu hewani. Kisha akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akavuka ua akaja kusimama nyuma ya mama.

"Msinitazame," alisema. "Na mimi nataka kujua alipikiwa maharage au hakupikiwa."

Sitaandika hapa namna insha ilivyoisha, hiyo ni mali ya mwenyewe, na yule msifu maharage bado anakula palepale. Nitasema tu kwamba ilikuwa juu ya maji mwanzo hadi mwisho, kwamba haikuwa na kwanza wala pili wala tatu, na kwamba sikuwa na kalamu nyekundu mkononi wala sikuitafuta. Nilikuwa na furaha mpaka ikanisumbua mahali pa kuiweka. Nilijifanya naokota vikombe.

Tukafuata utaratibu. Kila mmoja akasema mguu wake uliondoka wapi. Baba, ambaye kwa kawaida hasemi, alisema wake uliondoka kwenye mchicha. Ikafika kwa mama. Kicheko kilikuwa kimemwisha na uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu anayefikiria jiko lake. Binti alikuwa ameishika karatasi yake kwa mikono miwili.

"Miguu yangu," alisema mama, "iliondoka kwenye foleni."

Alimtazama mwanawe kutoka kichwani hadi miguuni, polepole.

"Mtihani ni lini?"

"Novemba, mayu," binti akamjibu mama yake kwa Kisukuma.

"Wabeja, mwalimu," alinishukuru mimi kwa Kisukuma, kisha akamgeukia baba akamwambia wabeja, Mzee, akaanza kujifunga kitenge chake vizuri kama mtu ambaye safari yake amekwisha kuipanga. "Kesho naondoka peke yangu. Nitatafuta msichana mwingine wa kunichotea maji." Akafikiri kidogo. "Na safari hii nitachagua asiyejua kusimulia."